Ushuhuda Uliomuua Nathanaël Mara ya Pili

Miradie hakumtoa kaka yake kafara. Tuliweke hilo wazi kabla ya mengine, kwa sababu aliyewatangazia watu kwamba alimtoa ni yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, akiwa amevaa gauni jeupe la kuazima, mbele ya ukumbi uliojaa pomoni kule Tottenham, London, Jumapili moja ya mwezi wa tano. Na alipomaliza walimpigia makofi mpaka taa za dari zikatikisika.

Ukumbi wenyewe uko juu ya duka la mazulia. Kanisa linaitwa Madhabahu ya Asubuhi, na waumini wake wengi ni watu wa Kivu, wa Uvira na Bukavu na Goma, wanaosafisha ofisi, wanaotunza wazee, wanaoendesha mabasi. Wakikutana Jumapili wanarudishiwa vyeo vyao: huyu mzee wa kanisa, yule mkuu wa kwaya, na bosi wao wa Jumatatu hana habari. Miradie aliingia pale kama mke wa Albert, mpiga kinanda. Miezi ya mwanzo hakuwa na cheo kingine, na kwa mtu aliyewahi kuitwa jina lake na umati wa watu wasiomjua, hilo halikuwa jambo dogo.

Maana kabla ya Tottenham, Miradie alikuwa Mira Dee, rapa wa Dayton, Ohio.

Alifika Marekani ana miaka tisa, kutoka kambi ya wakimbizi ya Tanzania, pamoja na mama yake Faustine na kaka yake Nathanaël aliyemzidi miaka mitatu. Mama Faustine alikuwa fundi wa nguo. Kitu cha kwanza alichokitafuta katika nchi ile mpya kilikuwa cherehani ya mguu. Ya umeme hakuitaka, alisema inashona kama mtu aliyekasirika. Akaiona kwenye duka la vitu vya kale, imewekewa chungu cha maua juu yake. Mwenye duka hakujua kama bado inafanya kazi. Mama Faustine alijua, ila hakusema. Akaitazama kama takataka, akaondoka, akarudi siku nyingine, akaguna, akaondoka tena, mwishowe mwenye duka akamwomba amwondolee tu. Tangu hapo kila harusi ya Wakongo wa Dayton ilivaa vitenge vilivyopita chini ya sindano ile.

Nathanaël ndiye aliyesikia muziki ndani yake. Aliweka simu chini ya pedali, akarekodi mguu wa mama ukipanda na kushuka, gurudumu likizunguka, uzi ukikatwa kwa meno. Akajifungia chumbani, akakata, akaunga, akaongeza besi. Alipotoka alikuwa na biti, mdundo unaochechemea kidogo upande mmoja, kwa sababu mama alikuwa na goti bovu. Miradie, wakati huo msichana wa shule, akasimama jikoni akaichania mistari, nusu Kiingereza cha Dayton, nusu Kiswahili cha nyumbani, na mama akapaza sauti kutoka chumba cha kushonea: "Munapiga kelele ya nini huko? Minapoteza hesabu ya vifungo."

Kazi ya Mira Dee ilianzia hapo, na ilikwenda kama kazi nyingi za namna ile, kwa kusukumwa. Alipambana na wavulana kwenye maegesho ya shule. Walimcheka lafudhi, naye akaigeuza lafudhi kuwa silaha. Redio ya chuo ikampa nafasi. Vilabu vidogo vya Columbus na Cincinnati vikamwita afungue maonyesho ya watu wengine, saa ambayo watazamaji bado wanatafuta pa kuweka makoti. Huko ndiko alikojifunza kitu ambacho hakifundishwi shuleni, yaani kusema juu ya kelele. Spika ikikwaruza, mlevi akipayuka, fundi wa ukumbi akizidisha muziki kwa makosa, usishindane nao. Ukipiga mayowe umekwisha. Sikiliza kelele yenyewe, tafuta mdundo wake uko wapi, kisha ukalie juu yake.

Siku moja akaja mtu wa kampuni ya muziki na ofa. Aache Kiswahili, apunguze nguo, na biti ya pedali apewe msanii mwingine mwenye jina. Miradie alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama kuna chochote cha Mira Dee ambacho kampuni inakitaka kama kilivyo. Hakikuwepo. Wakaagana vizuri. Wimbo wa "Pedali" wakautoa wenyewe, dada na kaka, ukatembea kwenye simu za vijana kutoka Ohio hadi Illinois, mpaka promota wa Chicago akawaita.

Siku ya kwenda Chicago kulikuwa na barafu. Walipaswa kuondoka pamoja kwa gari la Nathanaël, lenye spika na waya zote. Miradie alikuwa amesukwa nusu ya kichwa. Akamwambia kaka atangulie, yeye atafuata kwa basi. Karibu na Indianapolis lori likateleza, likamlalia.

Baada ya mazishi habari zikasambaa, na wimbo ukapanda kuliko ulivyowahi kupanda mwenye biti akiwa hai. Kila ukumbi sasa ulimtaka Mira Dee. Alipanda majukwaa machache, na kila pedali ilipoanza kulia kwenye spika alishuka kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Akaacha. Mama Faustine hakumlaumu. Alimkalisha chini akamfumua zile nywele, msuko mmoja baada ya mwingine, na alipomaliza akarudi kwenye mashine yake.

Albert alikuja Dayton kupiga kinanda kwenye harusi ya binamu yake. Mtu mpole, dereva wa basi London, asiyependa makuu. Hakumuuliza Miradie habari za muziki, na hilo ndilo lililompendeza. Wakaoana, akamleta Tottenham. Miradie akapata kazi kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee kule Stratford, akafunga jina la Mira Dee kama mtu anavyofunga duka lisilo na wateja.

Aliyelifungua tena ni Pasta Ghislain.

Pasta Ghislain hakuwa tapeli. Tapeli Miradie angemnusa tangu mlangoni, alishawaona wengi kwenye muziki. Huyu aliamini anachokisema, na juu ya hayo alijua watu wanataka kusikia nini. Akamwomba atoe ushuhuda wa maisha yake ya muziki wa dunia. Miradie akasimama akasema alivyojua: niliimba, kaka yangu alikufa, nilichoka, Mungu amenishika mkono. Watu wakasema amina ya adabu. Mtu akakohoa. Wakaendelea na matangazo.

Baada ya ibada Pasta akamwita kwenye chumba cha nyuma, penye viti vilivyopangwa juu kwa juu.

"Dada Miradie, umesema vizuri. Lakini umesema kama mutu anayejaza maji kwenye chupa. Hakuna aliyeshituka."

"Ndivyo ilivyokuwa, Pasta."

"Ilikuwa hivyo kwa macho. Kwa roho je? Kaka anakufa leo, wimbo unapanda kesho. Weye hujawahi kujiuliza?"

"Nimejiuliza."

"Na ule mlio wa wimbo wako, vijana wamenisikilizisha. Ulitoka wapi?"

"Ni cherehani ya mama yangu."

Pasta akatikisa kichwa polepole, kama daktari aliyeambiwa na mgonjwa kwamba ni mafua tu.

"Wanamuziki wote wanaambiwa hivyo mwanzoni," akasema. "Kwamba ni kitu kidogo. Kitu cha nyumbani. Omba, dada. Utaonyeshwa."

Mtu wa nje atashangaa Miradie alikubalije. Lakini miaka miwili alikuwa amejilaumu, na alichokuwa nacho cha kujilaumia ni nywele. Nywele ni sababu ndogo mno kwa kifo cha mtu mzima. Pasta alimletea sababu kubwa, inayolingana na msiba wenyewe, akaichukua. Na tuseme ukweli wote: alikuwa amekumbuka pia jinsi ukumbi unavyonyamaza unapokuwa wako.

Kwenye makanisa kama lile, kinanda ndicho kinachoongoza ushuhuda. Mtu akianza, mpiga kinanda anapapasa chini chini. Pasta akiinua vidole viwili, muziki unapanda kidogo, na msemaji anajua amefika pazuri. Akiinua kiganja, unapanda zaidi, watu wanasimama. Na akizungusha mkono hewani, muziki unammeza msemaji: muda wako umekwisha, umepotea njia, shuka. Albert alizijua ishara zile kama anavyozijua taa za barabarani.

Jumapili ile ya mwezi wa tano Miradie alianza na jikoni ya Dayton. Vidole viwili. Akasema mlio wa wimbo aliletewa ndotoni na mwanamke aliyetoka majini. Kiganja. Akasema mwanamke yule alimuuliza ni nani umpendaye kuliko wote, naye, kwa ajili ya sifa, akanyoosha kidole kwa kaka yake. Watu walilia. Kijana mmoja, Gires, aliyekuwa akija kanisani ananuka pombe, akatambaa mpaka mbele akiwa na machozi hadi shingoni.

Jioni, wakila, Albert akasema, "Hiyo ya mwanamke wa majini hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza."

Albert akanawa mikono, akaondoa sahani.

Mialiko ikaanza. Kanisa la Thamesmead likamtaka, Wakongo wa Stratford wakamtaka, matangazo yakachapwa na picha yake ya zamani amevaa kofia ya rapa: MIRA DEE, ALIYETOKA MAUTINI. Kila alipokwenda alirekebisha. Aligundua mahali pa kunong'ona, mahali pa kunyamaza, mahali ambapo sauti ikivunjika kidogo wanawake wa safu ya mbele wanatoa vitambaa. Hakuhitaji mtu wa kumwambia kwamba alikuwa ziarani tena, na maonyesho yalikuwa yakijaa.

Halafu video ya ushuhuda, iliyorekodiwa kwa simu ya mtu, ikafika Dayton.

Mama alipiga simu Miradie akiwa kazini, amekaa kwenye chumba cha mapumziko na bakuli la wali.

"Miradie. Minauliza kitu kimoja tu. Njo weye uliua mutoto yangu?"

"Mama, hapana, ngoja..."

"Basi juu ya nini unasema njo weye?"

Miradie akasukuma bakuli kando.

"Bibi ya muzee wa kanisa alikuja kuchukua kitenge chake mbele sijashona," mama akaendelea. Hakuwa analia. Sauti ilikuwa ya mtu anayepima kitambaa. "Akakibeba na vidole viwili, hivi, kama panya. Banasema mashine yangu iko na mashetani. Mashine yenye ilikulisha. Leo wa tatu amechukua kitambaa chake."

"Nitaeleza, Mama. Nitawapigia simu mmoja mmoja."

"Utaeleza nani? Weye ulisema mbele ya watu, ukarekodiwa. Enda useme mbele ya watu wale wale, urekodiwe. Mpaka siku ile usipige simu hapa. Nathanaël alikufa na barafu. Usimutafutie kifo kingine."

Simu ikakatwa. Lorraine, Mkenya wa Thika aliyekuwa zamu moja naye, alikuwa akipasha chai na hakujifanya kwamba hakusikia.

"Kwa hivyo wewe ni mchawi," akasema, "na miezi hii yote umekuwa ukinilia chapati."

Miradie akacheka bila kutaka, kisha akainamisha kichwa mezani. Akamweleza yote. Lorraine alisikiliza huku akikoroga.

"Si uandike tu kwa Facebook? 'Nilikosea, pole.' Unamaliza."

"Mama hataki hivyo. Anataka palepale niliposemea."

"Mama yako anajua biashara. Kitu ukiniharibia sokoni, usikuje kuniomba msamaha jikoni." Akavuta kiti. "Sasa shida iko wapi? Si uende useme."

"Kila mtu ninayemjua London yuko mle ndani, Lorraine. Aliyetusimamia harusi yuko mle. Mabosi wa Albert wa Jumapili wako mle. Nikitoka pale nabaki na nani?"

"Na mimi," Lorraine akasema. "Najua si nyingi."

Alimwendea Pasta siku ya katikati ya juma. Walikaa kwenye chumba kilekile cha viti. Miradie alikwenda moja kwa moja: alisema uongo, anataka kuusahihisha. Pasta hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika.

"Basi tunaacha," akasema. "Hutataja kaka tena. Hatusemi ndiyo, hatusemi hapana. Watu wanasahau."

"Dayton hawajasahau. Mama anakimbiwa."

"Nitampigia mchungaji wao. Nitamwambia mama ni mtu wa Mungu."

"Utamwambia mashine yake ni safi?"

Pasta akatazama mikono yake. "Gires ana miezi mingapi hajagusa pombe? Alishuka kwa magoti ju ya ushuhuda wako. Mama yake ananipigia simu kunishukuru. Unataka nimwambie nini yule kijana? Kwamba alimlilia Mungu ju ya hadithi?"

Miradie akainuka. Alitoka nje, akapita kituo cha basi bila kusimama. Angeweza kukubali. Kimya ni kitu cha bei nafuu, na watu wengi wanaishi nacho vizuri. Lakini kila alipojaribu kukubali aliviona vile vidole viwili vya mke wa mzee wa kanisa vikibeba kitenge.

Alirudi kwa Pasta na ombi jingine. Kongamano la mwaka lilikuwa linakuja, kwenye ukumbi wa kukodi Stratford, makanisa yote aliyokwenda yatakuwepo. Jina lake lilikuwa tayari kwenye matangazo. Akaomba asimame aseme neno la shukrani tu. Pasta alimtazama sana. Hakuwa mjinga. Lakini jina lilikuwa kwenye matangazo, na watu wa Thamesmead walikuwa wameshakodi basi.

"Shukrani fupi," akasema. "Na Albert akae kwenye kinanda."

Nyumbani Albert alikuwa akipiga pasi sare yake.

"Akinipa ishara nitapiga," akasema kabla hajaulizwa. "Ujue hilo. Nilifika nchi hii sina koti, yeye ndiye aliyenivika. Mimi si mutu wa kugombana na Pasta."

"Sikuombi usipige."

"Basi unaniomba nini?"

"Siombi kitu."

Albert akaigeuza suruali, akaendelea na pasi. "Utaumia," akasema.

Siku ya kongamano Lorraine alikuja amevaa kofia ya kwenda misa, akakaa safu ya nne kati ya wanawake asiowajua, akawagawia peremende. Miradie alipoitwa, watu walisimama kabla hajafika mbele. Wengine walikuwa wameshatoa vitambaa.

"Naitwa Miradie," akasema, "binti ya Faustine, fundi wa nguo wa Dayton."

Kinanda kilikuwa chini chini.

"Nilisimama mbele yenu nikasema nilimtoa kaka yangu. Nataka kuwaambia..."

Pasta hakusubiri aambiwe. Mkono wake ukazunguka hewani. Albert akauona, na kama alivyosema, akapiga. Muziki ukapanda ukajaa ukumbi, ngoma zikaingia nyuma yake, watu wakaanza kupiga makofi kama walivyozoea, wakidhani ni furaha. Miradie akapaza sauti. Haikufika hata safu ya pili. Akapaza zaidi, akajisikia mwenyewe akipiga mayowe kama msichana aliyepanda jukwaani mara ya kwanza. Ukipiga mayowe umekwisha. Mwanamke mmoja wa mapokezi alikuwa tayari akimjia ampokee maikrofoni kwa tabasamu.

Akanyamaza. Akasikiliza.

Kinanda cha Albert kilikuwa kikienda haraka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ukichelewa kidogo, kila mzunguko, upande mmoja. Miradie alihesabu kwa kidole pajani. Kisha akaingia.

*Mlio si wa jini, ni mguu wa mama,*
*ni goti lake bovu ndilo lililochechema.*
*Sikuuza roho, sikuota ndoto,*
*nilibaki nikisukwa, kaka akatia gari moto.*
*Alikufa na barafu, na lori, na lami,*
*na aliyemuua kwa mdomo hapa ni mimi.*

Hakuwa amechana tangu Marekani. Sauti ilitoka kavu, chini, haishindani na kitu, na kila neno likakaa pale mdundo ulipoliachia nafasi. Kadiri muziki ulivyopanda ndivyo alivyosikika. Makofi ya watu wenyewe yakawa yanambeba. Alirudia tangu mwanzo, kama kiitikio, na mara ya pili makofi yakaanza kupungua, safu kwa safu, jinsi maneno yalivyokuwa yakiwafikia. Mwanamke wa mapokezi akabaki na mkono umenyooka. Mara ya tatu hakuna aliyekuwa akipiga makofi wala ngoma tena, na kwenye ukumbi ule mzima kulikuwa na kinanda kimoja na mtu mmoja.

Gires alikuwa karibu na mlango. Miradie alimwona akichukua koti lake. Hakukimbia, alilivaa taratibu, mkono huu, mkono ule, akatoka. Kama alikwenda nyumbani au alikwenda kwingine, Miradie hakujua siku ile, na kutojua huko ndiko kulikomsumbua kuliko yote yaliyofuata.

Pasta akachukua maikrofoni yake. "Ombeni," akasema. "Ombeni, wapendwa. Mnaona pepo anavyorudi kutafuta nyumba yake."

Wanawake wakamzunguka Miradie, wakamwekea mikono kichwani na mabegani, wakakemea. Yeye alisimama tu. Wengi wao walikuwa wamemletea supu alipokuwa mgonjwa majira ya baridi. Mikono ile aliijua. Mmoja, katikati ya kukemea, alimnong'oneza, "Kweli ni cherehani?"

"Kweli."

"Ee," mwanamke akasema, akaendelea kukemea, kwa sauti ya chini zaidi.

Wakiwa kituo cha basi, Lorraine aliwaonyesha simu. Alikuwa amerekodi kila kitu, isipokuwa mwanzoni ambapo kofia ya mtu iliziba. Albert hakutazama. Kabla hajatoka ukumbini mzee mmoja wa kanisa alikuwa amemwambia apumzike kinanda kwa muda, atafutwe mwingine.

"Alinipa ishara, nikapiga," Albert akasema, kama mtu anayetoa taarifa ya ajali.

"Nilisikia."

"Ulitaka nipige polepole?"

Miradie akamgeukia. Ule mkono wa kushoto uliochelewa. Katika ndoa yao yote Miradie hakuwahi kumpigia "Pedali", wala Albert hakuwahi kusema kama aliwahi kuusikia. Alitaka kumuuliza. Uso wa Albert ulikuwa umeelekea barabarani, basi linatoka upande ule, na alikuwa na uso wa mtu aliyepoteza kitu alichokipenda. Akaacha. Kuna maswali ukiyauliza unamlazimisha mtu adai malipo ya wema aliotaka kuuficha.

Video ikatumwa Dayton. Alama mbili zikageuka bluu. Hapakuwa na jibu siku ile, wala iliyofuata. Tottenham, watu walianza kuvuka barabara wakimwona Miradie. Si wote, lakini wa kutosha. Mama yake Gires alimtumia ujumbe mrefu ambao Miradie aliusoma wote na hakuufuta.

Ujumbe wa sauti wa mama ulikuja mwishoni mwa juma, Miradie akiwa anachana nywele za Margaret, bibi wa chumba cha mwisho asiyependa kuguswa na mtu mwingine. Alimaliza kwanza. Kisha akasimama kwenye korido akasikiliza.

"Nimeona," mama akasema. "Nimeonyesha bibi ya muzee wa kanisa, akataka aone tena. Hajarudisha kitenge. Atarudisha, harusi iko karibu, na hapa Dayton hakuna mwingine anajua kushona ile mikono anayotaka." Nyuma ya maneno kulikuwa na mlio, unapanda, unashuka, unachechemea. Alikuwa anashona huku anasema. "Goti yangu haikuwa bovu kiasi kile. Ulizidisha. Weye unazidishaka kila kitu, njo shida yako. Basi. Usipige simu kwanza. Mimi njo nitapiga."

Mlio ukaendelea kidogo baada ya maneno kwisha, kama aliyesahau kuzima, kisha ukakatika.

Lorraine alipita na toroli la mashuka. "Amekusamehe?"

"Hapana," Miradie akasema. "Lakini amenitajia bei yake. Ningoje mpaka apige yeye."

"Na utaiweza?"

Kengele ya chumba cha Margaret ikalia. Miradie akatia simu mfukoni, sauti yake ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, kinyume cha sheria za kazi, akaenda.